Alexander Fleming: Mgunduzi wa penisilini aliyeonya kuhusu nusu dozi

Kuna swali linalorudi kila mara kwenye simu za wasikilizaji wa kipindi chetu cha afya. Mtu amekohoa, amekwenda dukani, amemeza antibiotiki siku mbili, kifua kimefunguka. Je, aendelee na vidonge vilivyobaki au aviweke kwa siku nyingine? Mwingine anauliza kwa nini dawa iliyomponya mwaka juzi safari hii haikumgusa kabisa. Hewani tunabanwa na muda, tunajibu kwa mkato halafu tunaweka muziki. Hapa kwenye tovuti nafasi ipo, kwa hiyo tumeona tuyajibu kwa kumsimulia mtu aliyeyaona maswali haya yakija zaidi ya miaka 75 iliyopita.

Mtu huyo ni Alexander Fleming, daktari kutoka Scotland, mgunduzi wa penisilini. Jina lake wengi wetu tulilikariri shuleni kwa ajili ya mtihani: nani aligundua nini, mwaka gani, basi. Habari ambayo haikuwamo kwenye daftari zetu ni kwamba mwaka uleule aliopokea Tuzo ya Nobel kwa dawa hiyo, aliitumia hadhara ileile kueleza jinsi dawa inavyoweza kuharibiwa, na aliyemtaja kuwa mharibifu alikuwa mtu wa kawaida anayejinunulia dawa na kumeza kidogo.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, kusini-magharibi mwa Scotland. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima aliyefiwa na mke wa kwanza na kuoa tena akiwa na umri wa karibu miaka 60. Alexander alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa mama huyo wa pili, Grace Morton, na juu yao walikuwapo kaka na dada wa mama wa kwanza. Alipofika miaka saba baba yake alifariki. Shule ya kwanza ilikuwa ya kijijini, ya watoto wachache, na aliifuata kwa miguu kama watoto wengi wa mashambani wanavyofanya hadi leo. Baadaye alisoma Darvel, kisha Kilmarnock.

Akiwa kijana mdogo wa miaka 13 hivi alihamia London, kwa kaka yake Tom aliyekuwa daktari. Alisoma kidogo masomo ya biashara, kisha akaajiriwa kama karani katika kampuni ya meli. Huko alikaa miaka minne. Kazi hiyo hakuipenda. Kilichomtoa ni urithi mdogo wa fedha kutoka kwa baba yake mdogo, John, na ushauri wa kaka Tom kwamba fedha hizo azitumie kusomea udaktari. Aliingia chuo cha tiba cha Hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington, na akahitimu mwaka 1906 kwa alama za juu.

Namna alivyoingia maabara inachekesha. Fleming alikuwa hodari wa kulenga shabaha kwa bunduki, na klabu ya walenga shabaha ya St Mary's haikutaka kumpoteza. Kiongozi wa timu hiyo alimshauri ajiunge na idara ya utafiti ya hospitali hiyohiyo, iliyokuwa chini ya Almroth Wright, bingwa wa chanjo wa wakati huo, ili tu abaki karibu. Akabaki. Tukifikiria, dawa iliyookoa mamilioni ilianzia kwenye hofu ya timu ya kupoteza mchezaji.

Hadi hapo alikuwa daktari mzuri wa maabara kama wengine wengi. Kilichombadilisha ni vita.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Fleming alipelekwa Boulogne, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa. Kasino iliyokuwa ya matajiri kuchezea kamari iligeuzwa kuwa hospitali, na yeye na wenzake wa St Mary's wakaweka maabara humo. Waliletwa askari waliopigwa na vipande vya mabomu. Risasi au kipande cha chuma kilipoingia mwilini kiliingia na matope ya shambani, samadi ya farasi na vitambaa vichafu vya sare. Majeraha yakaoza. Askari aliyenusurika na bomu alikufa wiki moja baadaye kwa usaha ulioingia kwenye damu, au kwa nyama iliyooza hadi ikabidi akatwe mguu, na wakati mwingine hata kukatwa hakukusaidia.

Tiba ya siku hizo ilikuwa kumwagia jeraha dawa kali za kuua vijidudu, kama karboliki. Fleming alizichunguza na kugundua jambo ambalo wakubwa wake jeshini hawakupenda kulisikia: kwenye majeraha ya kina dawa hizo zilidhuru kuliko kusaidia. Alitengeneza kwa kioo mfano wa jeraha lenye kona na vishimo, akalijaza maji yenye bakteria, akalimwagia dawa, kisha akaonyesha kwamba bakteria waliojificha kwenye vishimo walibaki hai na kuzaliana upya. Mbaya zaidi, dawa iliziua chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili wenyewe, haraka kuliko ilivyowaua bakteria. Alichapisha matokeo hayo. Madaktari wengi waliendelea kumwaga karboliki kama kawaida.

Tunalikazia jambo hili kwa sababu bila hilo hadithi ya mwaka 1928 haieleweki. Wengi husimulia kama bahati tupu: mtu mzembe, sahani chafu, muujiza. Lakini Fleming alitoka Ufaransa akijua hasa anachokitafuta, kitu kinachoua bakteria bila kuua chembe nyeupe za damu. Alikuwa ametazama vijana wakifa kwa kukosa kitu hicho.

Kabla ya penisilini alikipata kimoja kilichokaribia. Mwaka 1921 alikuwa na mafua, na kamasi yake ilipoingia kwenye sahani ya bakteria aliona baadhi wakiyeyuka. Ndani yake mlikuwa na kimeng'enya alichokiita lisozaimu, kilichomo pia kwenye machozi, mate na ute wa yai. Ili kupata machozi ya kutosha, wenzake wa maabara walikamuliwa limau machoni. Bahati mbaya lisozaimu haiwezi bakteria wanaoleta magonjwa makubwa.

Sasa tufike mwaka 1928. Fleming alikuwa anachunguza stafilokokasi, bakteria wanaoleta majipu na vidonda vyenye usaha. Mwezi Agosti alikwenda likizo na familia yake, mkewe Sarah, aliyekuwa muuguzi kutoka Ireland, na mtoto wao Robert. Sahani zake za kioo zenye bakteria alizirundika pembeni ya meza. Tarehe 3 Septemba alirudi na kuanza kuzipitia kabla ya kuzisafisha. Moja ilikuwa imeota kuvu, ndugu wa ile inayoota kwenye mkate uliokaa siku nyingi. Kuvu kuota kwenye sahani ya maabara si habari, ni kero ya kila siku. Kilichomshangaza ni kwamba karibu na kuvu hiyo bakteria walikuwa wametoweka, wakabaki wale wa mbali tu.

Aliiotesha kuvu hiyo kwenye supu ya maabara na kuupima maji yake dhidi ya bakteria mbalimbali. Wale wa koo, wa nimonia, wa dondakoo na wa majipu walikufa. Wa homa ya matumbo hawakutikisika, na hilo msomaji alishike, kwa sababu tangu siku ya kwanza ilijulikana kwamba dawa hii haiui kila kitu. Kisha akafanya kipimo alichokileta toka Boulogne: aliweka maji hayo pamoja na chembe nyeupe za damu. Zikabaki salama. Kwa kuwa kuvu ile ni ya jamii inayoitwa Penicillium, mwezi Machi 1929 aliyapa maji hayo jina la penisilini, na mwaka huohuo akachapisha makala yake.

Halafu, kwa miaka kumi hivi, karibu hakuna kilichotokea.

Penisilini iliyomo kwenye maji ya kuvu ilikuwa kidogo mno na iliharibika upesi. Fleming na wasaidizi wake walijaribu kuichuja na kuikausha wakashindwa, kwani hawakuwa wanakemia. Aliihifadhi kuvu ile hai na kuwagawia maabara zilizoomba, lakini dawa hakuwa nayo. Hapa tuseme wazi maoni yetu: sifa zote kumpa Fleming peke yake ni kuwaonea wengine. Aliyeona ni yeye, ila waliotengeneza dawa ni watu wa Chuo Kikuu cha Oxford: Howard Florey kutoka Australia, Ernst Chain, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, na Norman Heatley, fundi wa kutengeneza mitambo kwa vitu vilivyokuwapo. Walianza kazi karibu na mwaka 1939, vita vya pili vikiwa vinaanza na vifaa vikiwa adimu, hata wakaotesha kuvu kwenye vyombo vya kujisaidia wagonjwa kitandani.

Tarehe 25 Mei 1940 waliwachoma panya wanane bakteria wa kuua. Wanne wakapewa penisilini. Kesho yake waliopewa walikuwa hai na wasiopewa walikuwa wamekufa. Fleming aliposoma matokeo hayo kwenye jarida alikwenda Oxford kujionea. Chain alishangaa sana kumwona. Alidhani mwandishi wa makala ile ya 1929 alishafariki zamani.

Mgonjwa wa kwanza waliyejaribu kumponya alikuwa askari polisi wa Oxford, Albert Alexander, mwenye umri wa miaka 43. Maambukizi yalikuwa yameshika uso na kichwa chote, jicho moja limeondolewa, na mapafu yameguswa. Tarehe 12 Februari 1941 alianza kuchomwa sindano za penisilini. Ndani ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa kidogo kiasi kwamba mkojo wake ulikusanywa kila siku na kupelekwa maabara ili penisilini iliyotoka mwilini ichujwe na kurudishwa kwenye sindano. Siku ya tano ikaisha kabisa. Hali ikabaki hivyo kwa muda, kisha bakteria waliobaki wakazaliana, na tarehe 15 Machi askari yule akafariki.

Tunaomba msomaji arudie aya hiyo. Mgonjwa alipata nafuu. Alikula. Homa ilishuka. Na bado ndani mlikuwa na bakteria hai wa kutosha kumuua. Yeye hakukatiza dozi kwa kupenda, dawa ilikuwa haipo duniani. Lakini kupata nafuu si lazima kuwe ndiyo kupona.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Florey na Heatley walivuka hadi Marekani mwaka 1941 kuomba msaada. Katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois, wataalamu walipata njia ya kuotesha kuvu kwa wingi kwa kutumia maji yanayobaki viwandani baada ya kusindika mahindi, na kuvu bora zaidi ikapatikana kwenye tikiti lililoanza kuoza kutoka soko la mji huo. Mwaka 1944, majeshi ya washirika yaliposhuka pwani ya Ufaransa, yalikuwa na penisilini kwa wingi. Vijana wenye majeraha yaleyale ya Boulogne safari hii walirudi nyumbani.

Fleming mwenyewe alikuwa ameitumia mwaka 1942 kumtibu mgonjwa wa St Mary's aliyekuwa karibu kufa kwa homa ya uti wa mgongo, kwa dawa aliyopewa na Florey. Mgonjwa alipona, magazeti yakapata habari, na profesa wake Wright akaandika gazetini kwamba heshima ni ya Fleming. Kuanzia hapo umaarufu haukushikika. Mwaka 1944 alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1945 yeye, Florey na Chain wakagawana Tuzo ya Nobel.

Kwa wanaopokea ile hadithi ya WhatsApp kwamba baba yake Fleming alimwokoa Winston Churchill mdogo asizame kwenye tope, baba yake Churchill akalipa ada ya Alexander, kisha penisilini ikamwokoa Churchill tena vitani: ni tamu, ila si kweli. Ada ilitoka kwa urithi wa baba mdogo na kwa ufadhili wa masomo, na Churchill alipougua nimonia mwaka 1943 alitibiwa kwa dawa nyingine ya jamii ya salfa.

Turudi kwenye onyo. Desemba 1945, mjini Stockholm, Fleming alitoa mhadhara ambao kila mshindi wa Nobel hutoa. Angeweza kujisifu hadi mwisho. Badala yake, karibu na mwisho, alieleza kwamba maabara si vigumu kuwafanya bakteria washinde penisilini: unawapa dawa kidogo, isiyotosha kuwaua, na wanabadilika. Akasema hayohayo yameshatokea mara kadhaa ndani ya miili ya watu. Kisha akatoa mfano wa bwana mmoja wa kubuni. Bwana huyu anaumwa koo. Ananunua penisilini mwenyewe, anameza kiasi kisichowaua bakteria wa kooni bali kuwafundisha kuihimili. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, na penisilini haifanyi kazi. Mke anafariki. Fleming akauliza nani amemuua, na akajibu mwenyewe kwamba ni mume, kwa uzembe wake na dawa.

Hakuwa anapiga ramli. Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wamechapisha mwaka 1940, kabla hata yule askari polisi hajachomwa sindano ya kwanza, kwamba kuna bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini.

Linavyofanyika jambo hili ni rahisi kuliko linavyotisha. Kooni au kwenye kidonda kuna bakteria mamilioni, na hawafanani. Wachache wana kitu kidogo cha tofauti kinachowasaidia kustahimili dawa. Dozi kamili huwamaliza wengi, na kinga ya mwili inashughulikia masalia. Dozi ndogo inawaua walio dhaifu tu, inawaachia wale wagumu nafasi na chakula, na bakteria wengine wakiwa katika hali nzuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Zaidi ya hapo, bakteria huweza kupeana siri hiyo ya kustahimili, hata kwa bakteria wa aina nyingine. Kwa hiyo mtu anaposema mwili wake umeizoea dawa, tumsahihishe taratibu. Mwili hauzoei. Wanaozoea ni bakteria, na bakteria hawana mwenyewe, wanahama kwenda kwa mke, kwa mtoto, kwa jirani wa kitanda hospitalini. Wataalamu wetu wanaliita hili usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Baada ya vita penisilini ilisambaa kila kona ya Uingereza, ikawekwa kwenye marhamu na hata kwenye peremende za kumung'unya kwa ajili ya koo. Ni kipimo kidogo, mdomoni, kila siku: hasa kile Fleming alichokihofia. Mwaka 1947 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzuia penisilini kuuzwa bila cheti cha daktari. Wakati huohuo daktari mmoja wa London, Mary Barber, alikuwa anahesabu stafilokokasi wa wagonjwa katika Hospitali ya Hammersmith. Mwaka 1946 walioshinda penisilini walikuwa karibu mmoja kati ya saba. Mwaka 1948 walikuwa zaidi ya nusu. Miaka miwili tu. Barber hakuishia kuhesabu. Baadaye, yeye na wenzake waliweka utaratibu mkali hospitalini hapo wa nani apewe dawa gani na wa kuzuia maambukizi kati ya wagonjwa, na idadi ya bakteria sugu ikashuka. Habari hii haisimuliwi vya kutosha. Usugu unaweza kurudishwa nyuma watu wakikubaliana.

Huku kwetu jambo hili halikuanza jana. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili miaka ya 2001 na 2002 ulifuatilia watoto waliolazwa na maambukizi kwenye damu. Waliokufa kwa kundi moja la bakteria walikuwa zaidi ya asilimia 40, mara mbili ya waliokufa kwa malaria katika utafiti huohuo, na sababu moja kubwa ilikuwa kupewa antibiotiki ambazo bakteria wameshazishinda. Kwa dunia nzima, wanasayansi walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na eneo lililoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu ni Afrika Magharibi kusini mwa Sahara.

Basi yule mwenye vidonge vilivyobaki afanye nini? Ameze kama alivyoandikiwa, saa zilezile, siku zilezile, hata akijisikia mzima. Siku hizi madaktari kwa baadhi ya magonjwa wanaandika siku chache kuliko zamani, maana kumeza muda mrefu kuliko inavyohitajika nako kunazalisha usugu kwa bakteria wa tumboni. Kwa hiyo idadi ya siku aiamue mtaalamu aliyempima, si mgonjwa, si shangazi, na si sisi watangazaji. Dawa ikimletea upele, kuvimba au kuhara sana, arudi kituoni mara moja badala ya kukatiza kimyakimya.

Kwa mafua na vikohozi vingi, jibu ni kutokumeza antibiotiki kabisa. Hayo huletwa na virusi, na penisilini haina habari na virusi, kama ambavyo Fleming aliona haina habari na bakteria wa homa ya matumbo. Mtu akinunua kapsuli za rangi mbili kwa ajili ya mafua atapona baada ya wiki, ambavyo angepona hata bila kununua, ila sasa amewafundisha bakteria wake bure. Kupumua kwa shida, homa isiyoshuka au mtoto asiyenyonya ni habari nyingine: hapo twende kituo cha afya tukapimwe.

Wapo wanaonunua kapsuli nne kwa sababu mfukoni mna elfu moja. Hatuwacheki, na hatukubaliani na wanaowaita wajinga. Fleming alimlaumu bwana wake wa mfano bila kuuliza alikuwa na shilingi ngapi, na hapo tunaona alikuwa mkali kupita kiasi. Lakini bakteria hawaangalii mfuko. Ni afadhali kumwambia mfamasia ukweli, kwamba fedha ni hii, ipo dawa ya bei nafuu ambayo nitaweza kuimaliza? Mara nyingi ipo. Na ndugu zetu wenye maduka ya dawa, tunajua biashara ni ngumu, ila kumkatia mteja kapsuli nne ni kumuuzia ugonjwa wa mwezi ujao.

Vidonge vya kugawana nyumbani tuviache. Kidonda cha baba na sikio la mtoto si ugonjwa mmoja. Wafugaji wa kuku wanaotia antibiotiki kwenye maji ya vifaranga wote kwa sababu mmoja amesinzia, nao wamo kwenye hadithi hii. Bakteria wa kuku wanafika jikoni. Wamwite daktari wa mifugo, na wakishatibu waheshimu siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai, nyama au maziwa. Kunawa mikono kwa sabuni na kuwapeleka watoto chanjo ya nimonia kunapunguza maambukizi yenyewe, na asiyeugua hahitaji dozi.

Fleming aliishi miaka tisa hivi baada ya Stockholm. Alizunguka nchi nyingi kupokea heshima, akiwa mtu wa maneno machache anayependelea maabara yake kuliko karamu. Sarah alifariki mwaka 1949, pigo lililomwacha mnyonge kwa muda mrefu. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Voureka, mtafiti kutoka Ugiriki aliyefanya kazi naye St Mary's. Alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo nyumbani kwake London tarehe 11 Machi 1955 akiwa na miaka 73, akazikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's. Mjini Madrid, nje ya uwanja wa mchezo wa ng'ombe wa Las Ventas, kuna sanamu yake iliyowekwa na wachezaji wa mchezo huo, ambao kabla ya penisilini walikuwa wakipigwa pembe na kufa kwa kidonda kilichooza.

Mwaka 1961, miaka sita baada ya kifo chake, iliripotiwa nchini Uingereza kwamba wamepatikana stafilokokasi wasiosikia methisilini, dawa mpya iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya wale walioishinda penisilini. Dawa hiyo ilikuwa imeanza kutumika muda mfupi tu kabla ya hapo.